Kurasa Kumi na Moja za Injinia

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa na Injinia leo asubuhi. Amesema niandike kila siku nilichofanya, mahali nilipokwama, na nilichodhani wakati nimekwama. Nikamwambia nimesoma hadi darasa la saba tu na miandiko yangu ni ya kuku. Akasema ndiyo maana amenichagua.

Kazi yangu hapa ni kubeba. Kampuni inatengeneza programu za kompyuta. Mimi napandisha maboksi kutoka stoo hadi ghorofa ya tatu, nafagia, nazibua mifereji ya paa mvua ikikaribia. Miaka minne sasa. Kuanzia leo, saa nne hadi saa nane mchana, nakaa stoo mbele ya kompyuta kuukuu na kufuata karatasi alizoandika Injinia. Mlinzi wa getini ameshanipa jina jipya. Nikipita ananipigia saluti na kuniita Profesa wa Stoo.

Jumanne, 4 Machi

Sikuelewa kitu. Mgongo unauma kuliko siku ya maboksi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimemwuliza Injinia kazi hii ni ya nini hasa. Amenieleza akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, kama mtu anayechelewa. Naandika nilivyoelewa.

Waandishi wa programu wako kumi na tisa huko juu. Lazima wote wawe na vifaa vilevile kwenye kompyuta zao, vya toleo lilelile, la sivyo kinachofanya kazi kwa huyu kinakataa kwa yule. Kwa hiyo Injinia anatengeneza kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na chuma wala plastiki, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Akishaipanga na kuitia kila kifaa, anaifunga kuwa faili moja kubwa. Faili hilo wanaliita picha ya mashine. Mgeni akija kazini anapewa picha hiyo, anaiweka kwenye kompyuta yake, na mchana huohuo anaanza kazi. Kila baada ya wiki chache vifaa vinabadilika, picha inajengwa upya. Anayejua kuijenga ni yeye peke yake.

Kurasa kumi na moja alizonipa ni za kueleza jinsi ya kuijenga. Mimi nifanye kilichoandikwa na nisifanye kisichoandikwa. Basi.

Ukurasa wa pili unasema: toa amri hii, kisha subiri imalize. Nikaiandika amri herufi kwa herufi, nikasubiri hadi saa nane. Injinia alipokuja akakuta skrini imeniuliza swali tangu saa nne na robo, ndiyo au hapana, nayo muda wote huo ilikuwa ikinisubiri mimi.

"Kwa nini hukubonyeza ndiyo?"

"Hakuna mahali pameandikwa nibonyeze."

Akatoa kalamu, akaandika. Sijui kama alikasirika. Huyu mama ana uso ambao hauambii mtu kitu. Miaka minne nambebea maboksi na hajawahi kuniuliza nalala wapi. Majivuno tu, ndivyo ninavyomwona.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza. Mifereji imeziba, nimepanda paani. Kompyuta sikuigusa.

Ijumaa, 14 Machi

Nilikuwa nafagia ngazi za ghorofa ya tatu. Mlango wa Meneja ulikuwa wazi, na mtu mwenye fagio haonekani na wakubwa, kwa hiyo nimesikia yote.

Mama yake Injinia ana uvimbe tumboni. Madaktari wa kwao wamepanga kumpasua tarehe 28 Mei. Yeye ndiye mtoto pekee, na kwao ni mbali, kama kwetu. Ameomba ruhusa ya mwezi mmoja. Meneja hakupiga kelele, Meneja si mtu wa kelele. Alimkumbusha tu kwamba mwezi wa kwanza yeye Injinia aliugua siku nne, picha ikagoma kujengwa, na watu kumi na tisa wakakaa wamekunja mikono kama wanasubiri pilau. Mwezi wa sita wanaingia wafanyakazi wapya. Akasema hana nia mbaya, lakini hawezi kumruhusu mpaka picha iweze kujengwa bila yeye.

Injinia akasema karatasi zipo, na watatu wa huku juu walizijaribu wakasema ziko sawa. Meneja akauliza kama ni zilezile zilizogoma alipougua. Nikamsikia Injinia akisema, polepole, kwamba ndiyo maana safari hii amemchukua mtu wa stoo. Wale watatu wanajua mambo. Palipokosekana neno walijazia kutoka kichwani na hawakujua kama wamejazia. Anataka mtu asiye na cha kujazia.

Mtu huyo ni mimi. Ningeweza kuona nimetukanwa. Badala yake nilimaliza ngazi nikiwa nafikiria tarehe 28.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefua. Nguo hazikauki.

Jumatano, 26 Machi

Tumezoeana kidogo. Mimi nakwama, yeye anaandika. Ukurasa wa tatu ulisema "nenda kwenye folda ya kawaida". Ya kawaida kwa nani? Amefuta, ameandika jina la folda. Ukurasa wa tano ulisema "baada ya muda mfupi". Kwangu muda mfupi ni kupanda ngazi, kwake ulikuwa dakika arobaini. Sasa imeandikwa dakika arobaini, na imeandikwa pia kwamba skrini itaonekana imekufa lakini haijafa.

Mwanzoni alikuwa anauma meno kila nikiuliza. Leo amecheka. Amesema ameifanya kazi hii miaka sita na hakujua kwamba ana mazoea mengi hivi. Akaniuliza nimeacha watoto wangapi nyumbani. Watatu, nikamwambia. Akaniuliza wa mwisho ana miaka mingapi, nikalazimika kuhesabu.

Alhamisi, 3 Aprili

Usiku wa jana maji yalivuja hadi ukuta wa stoo, karibu na soketi. Mlinzi akazima swichi kuu ya stoo na kusema ataizima kila jioni mpaka mvua ziishe, hataki kuungua na makompyuta ya watu.

Asubuhi nimewasha, nimefuata ukurasa wa kwanza, nimefika wa pili, skrini ikajaa maandishi mekundu. Nikafuta, nikaanza upya. Mekundu tena. Mara nne. Nilianza kujiona mjinga mbele ya kitu kisicho na macho.

Injinia alipita na simu sikioni. Akatazama kona ya skrini, akasema, "Kaka, hiyo kompyuta inadhani tuko miaka mitano nyuma." Kibetri kinachotunza saa ndani yake kimekufa, umeme ukikatwa inasahau tarehe. Sasa inapokwenda kwenye mtandao kupakua vifaa, inakagua vyeti vya hao wanaotoa vifaa, inaona ni vya miaka ambayo haijafika, inakataa. Akanielekeza pa kubofya bila kuondoa simu sikioni, kisha akakimbilia juu. Kibetri kipya amekiomba ofisi ya manunuzi.

Nikatoka getini nikamwuliza Mlinzi saa ngapi, maana saa yake ya mkononi ndiyo anayojivunia kuliko wanawe. Nikaweka saa. Kila kitu kikapita.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemwuliza Mlinzi, nimeweka saa, nimeanza. Ukurasa wa sita.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Nimeweka saa, nimeanza. Ukurasa wa sita tena.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeweka saa. Ukurasa wa saba.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua haijakatika siku tatu. Nimeweka saa, nimeanza, ukurasa wa nane ukanirudisha wa nne. Ofisi ya manunuzi imeleta betri za rimoti.

Alhamisi, 24 Aprili

Mke wangu amepiga simu mchana. Mtandao ulikuwa mbaya, nikatoka nikasimama chini ya ukingo wa paa. Habari za nyumbani nzuri, mkubwa alipata homa, amepona. Kisha akaniuliza swali analoniuliza kila mwaka wakati wa mvua: "Baba watoto, hivi huko wakikukosa mwezi mmoja, nyumba yao itaanguka?"

Nikamjibu haitaanguka. Hapo ndipo penye shida yangu, na sikuwahi kuiona wazi hivi. Injinia haruhusiwi kuondoka kwa sababu hakuna wa kushika nafasi yake. Mimi siwezi kuondoka kwa sababu wako getini wanaongoja nafasi yangu. Mama yangu mzazi alipozikwa mwaka juzi nilikuwa nabeba maboksi. Niliomba siku kumi, msimamizi wa wakati ule akasema nenda, ila usirudi. Nikabaki. Nilibeba siku ile hadi jioni na hakuna aliyejua.

Leo nimemwambia Injinia habari hiyo. Sijui kwa nini, tulikuwa tunangoja zile dakika arobaini. Hakuniambia pole. Alisogeza kiti chake karibu, tukatazama skrini pamoja mpaka ikaamka.

Ijumaa, 9 Mei

Leo nimejenga picha.

Naandika tena kwa sababu inapendeza: nimejenga picha ya mashine, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa kumi na moja, peke yangu, bila kuuliza. Nimeweka saa asubuhi, saa tisa kasorobo mchana faili likatoka. Injinia akalichukua, akaliweka kwenye kompyuta ya mmoja wa huko juu, likawaka. Yule kijana hakujua kwamba anafanyia kazi kitu kilichojengwa na mfagiaji wake.

Mlinzi amedai sehemu ya sifa, kwa kuwa saa ni yake.

Meneja ameshuka stoo mwenyewe. Amesema Jumatatu tarehe 19 atakaa nyuma yangu anitazame nikiijenga tangu mwanzo. Ikipita, Jumanne Injinia anapanda ndege. Isipopita, abaki, hata kama ni shingo upande. Kompyuta ya kujengea itakuwa hii hii ya stoo.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeweka saa, nimeanza. Imepita.

Jumatano, 14 Mei

Nimeweka saa. Imepita. Injinia amekata tiketi.

Jumamosi, 17 Mei

Leo hakuna kazi. Nimekaa kitandani na daftari hili nikilisoma kutoka mwanzo, ili Jumatatu nisije nikashikwa na woga nikasahau. Nikaanza kucheka, maana kila siku nimeandika neno lilelile kama kasuku. Nimeweka saa. Nimeweka saa. Nimeweka saa.

Kisha kicheko kikakatika. Nikatoa zile kurasa kumi na moja na kuzipitia kwa kidole. Nikazipitia tena. Hakuna saa. Hakuna mstari hata mmoja unaosema tazama saa. Injinia alinielekeza kwa mdomo siku ile ana simu sikioni, na mimi tangu siku ile nafanya kama ninavyofunga kamba za viatu.

Mimi, niliyechaguliwa kwa sababu sina cha kujazia, najazia.

Ningeweza kunyamaza. Jumatatu ningeweka saa kama kawaida. Meneja angeona mtu anabofya kona ya skrini, naye hajui hiki wala kile. Picha ingepita, na yule dada angeondoka. Nimelikalia wazo hilo mpaka chakula kimepoa. Ni wazo zuri, na kinachonitesa ni kwamba lingemfaa kuliko ukweli. Nikisema, siku mbili kabla, Meneja anaweza kusema karatasi bado hazijakamilika.

Lakini mimi mwenyewe sijui kesho niko wapi. Nikiugua, nikiondolewa, atakaa hapa mtu mwingine. Swichi itakuwa imezimwa. Mekundu, mara nne, mara kumi. Watampigia simu. Atakuwa kwenye benchi la hospitali, mama yake yuko ndani, na huku wanamwambia Injinia, rudi.

Jumapili, 18 Mei

Nimemkuta Injinia ofisini, anapanga nyaya kwenye rafu na kuzibandika majina. Nimesimama mlangoni kama mtu aliyevunja sahani.

"Dada, kuna kitu nakifanya ambacho hakimo kwenye karatasi."

Nikamweleza. Akachukua kurasa, akazipekua yeye mwenyewe, kisha akakaa juu ya boksi. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu hata nikashukuru kuna kelele.

"Ulitaka kuninyamazia?" akauliza.

"Jana nilijaribu kutwa nzima. Nimeshindwa."

Nilidhani atalia au atanifukuza. Akafuta uso kwa mkono, akanipa kalamu, akasema niandike mimi, maana yeye kwa mazoea saa haioni tena. Nikaandika hivi:

"Kabla ya kitu chochote, tazama saa na tarehe kwenye kona ya skrini. Kama si za leo, zirekebishe kwanza. Usipozirekebisha utaona maandishi mekundu ukurasa wa pili na utadhani kosa ni lako."

Yeye akaongeza pa kubofya. Nikataka kufuta sentensi ya mwisho kwa kuwa si ya kitaalamu. Akaushika mkono wangu, akasema hiyo ndiyo bora kuliko zote. Kibetri hata kikija, alisema, siku moja kitakufa tena, na mstari utakuwepo.

Kisha akaniangalia. "Sasa wewe hufai tena, kaka. Unajua mno."

Nilijua atasema hivyo. Iliniuma kidogo, na ilinifurahisha kidogo, sijui ipi zaidi.

Tukahesabu nani katika jengo hili hajui kitu. Wa juu wote wanajua. Mlinzi ameninyemelea dirishani wiki sita, ana maoni kuhusu kila ukurasa. Akabaki mtu mmoja. Tulimtaja kwa pamoja, kwa sauti ya chini, maana si mtu wa kuchezea.

Jumatatu, 19 Mei

Meneja alifika stoo saa tatu na kikombe chake, akavuta kiti nyuma yangu. Injinia akamwambia ukweli wote: mstari uliokosekana, aliyeugundua, na kwamba jaribio langu sasa halina thamani. Kisha akamwomba akae yeye.

Meneja akacheka. Akasema yeye na kompyuta wanajuana kwa barua pepe tu. Injinia akasema hiyo inatosha kabisa. Nikamwona akipima maneno hayo kama ni heshima au ni dharau. Akakunja mikono ya shati, akakaa kwenye kiti changu, mimi nikasimama ukutani.

Anasoma haraka mno. Alipitisha macho ukurasa wa kwanza kama mtu anayetafuta pa kutia sahihi, akafunua, akaanza kuandika amri. Mstari wangu aliuruka. Niliona anauruka. Injinia naye aliona, tukaangaliana, na hakuna aliyesema neno, kwa sababu tulikubaliana asisaidiwe.

Mekundu.

Akaandika tena. Mekundu. Shingo ikamwiva. Akageuka, akamwambia Injinia kwa upole uleule, "Unaona mwenyewe. Haifanyi kazi."

Injinia alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Naamini alikuwa ameshaiona ndege ikiondoka bila yeye. Nami nikajua kwamba nikisema kitu, jaribio limevunjwa, na nisiposema, limekwisha. Miaka minne sijawahi kumwambia Meneja kitu zaidi ya ndiyo bosi. Miguu ilikuwa mizito kuliko siku ya maboksi.

"Bosi," nikasema, "mimi sikuambii la kufanya. Nakuomba usome kama ninavyosoma mimi. Kwa kidole."

Mlinzi dirishani alishika kinywa. Meneja alinitazama muda mrefu. Kisha, sijui ni nini kilimwingia, akarudi ukurasa wa kwanza na kuweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa sauti, polepole, kama darasani. Alipofika "utadhani kosa ni lako" akasimama.

"Nani ameandika huu?"

"Mimi, bosi. Huo mmoja tu."

Meneja akatazama kona ya skrini, akaona mwaka, akaguna. Akamwuliza Mlinzi saa. Akarekebisha. Kuanzia hapo hakuondoa kidole. Alisoma kila mstari, alingoja dakika arobaini zote bila kugusa kitu, kahawa ikapoa kikombeni. Saa kumi kasoro dakika ishirini faili likatoka. Likapelekwa juu, likawaka.

Meneja akavaa koti. Akatia sahihi karatasi ya ruhusa juu ya goti lake, hapohapo stoo. Akasema kuna jambo moja: alikuwa karibu kukataa kwa kosa la macho yake mwenyewe. Alilisema akiitazama karatasi, hakututazama sisi.

Jumanne, 20 Mei

Ameondoka. Nimembebea sanduku hadi kwenye gari.

Ijumaa, 23 Mei

Nimeweka saa. Mstari wa kwanza.

Jumatano, 28 Mei

Siku ya kupasuliwa. Niliamka nayo.

Ofisini ndiyo siku waliyotaka picha mpya, wageni wawili wamewahi. Meneja alisema tutaijenga pamoja, mimi kwenye kibodi na yeye na kidole. Saa, sawa. Ukurasa wa pili, sawa. Ukurasa wa saba radi ikapiga, umeme ukakatika katikati ya kupakua, ukarudi, tukaweka saa upya. Tulipoendelea, maandishi mekundu ya aina ambayo sijawahi kuyaona. Nikajaribu tena. Yaleyale.

Kule juu watu walishaanza kuulizana. Meneja akatoa simu mfukoni. Niliona jina la Injinia tayari liko juu ya kioo na kidole chake kimelikaribia.

"Bosi," nikasema, "saa hizi mama yake yuko kwenye meza ya upasuaji. Tusome kwanza."

Akabaki na simu hewani. Kisha akaiweka juu ya boksi, kioo chini. Tukasoma. Ukurasa wa kumi una orodha ya matatizo ambayo mimi mwenyewe niliyapata mwezi wa tatu na wa nne, kila moja na dawa yake. La sita: kama upakuaji umekatika njiani, faili nusu limebaki, lifute, rudi ukurasa wa nne. Tukalifuta. Tukarudi. Tukangoja. Saa tisa picha ikatoka, na wageni wakapewa.

Simu ikalia juu ya boksi. Ulikuwa ujumbe wake. Meneja akausoma kwa sauti: "Nasikia huko kuna mvua kubwa. Kuna tatizo lolote?"

Akaanza kuandika jibu, akafuta. Akaandika tena refu, akafuta. Mwisho akanipa simu mimi, akasema niandike, mimi ndiye najua kueleza.

Nikaandika: "Huku salama. Mama vipi?"

Tuliitazama simu wote wawili. Jibu lilichukua muda.

"Amefumbua macho. Ameniuliza kama nimekula."